Umekufa tena tabaka la nne: tafuta chanzo kabla hujaanza upya

Gemu za aina ya Rogue hazimrudishi mtu nyuma. Ukifa, faili la safari yako linafutwa, mapango yanachorwa upya, nawe unaanza juu kabisa na silaha za mwanzo. Ndiyo sababu swali la "nini kimeniua?" lina uzito kuliko katika gemu nyingine yoyote. Jibu lake ni nadra kupatikana kwenye zamu ya mwisho. Hukaa zamu kumi nyuma, au mia, na wakati mwingine halimo ndani ya gemu kabisa bali limo kwenye kibodi, kwenye kioo cha simu au kwenye mtandao.

Mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona na kurudi nyuma mpaka chanzo. Gemu tunazolinganisha ni tano: Rogue yenyewe, iliyoanzishwa na Michael Toy na Glenn Wichman huko California mnamo 1980, NetHack ya 1987, Angband, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 1990, Dungeon Crawl Stone Soup ya 2006, ambayo hapa tutaiita Crawl, na Brogue ya Brian Walker ya 2009. Zote ni za bure, na zote zinaendeshwa na laptopu kuukuu ambayo gemu za kisasa zimeshaikataa.

Anza na mashine

Ukiona upande wa kulia wa ramani haupo, au mstari wa chini wenye HP (uhai wa mhusika wako) umepotea, gemu haijaharibika. Rogue na NetHack zilipangiwa kioo cha safu 80 na mistari 24. Kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika `stty size`. Zitatoka namba mbili, mistari kwanza, safu baadaye. Simu iliyoshikwa wima haifikii safu 80 bila maandishi kuwa madogo ya kuumiza macho. Ilaze, kisha yabane maandishi kwa vidole viwili mpaka upate angalau 24 na 80. Hapo utakutana na tatizo la pili: kibodi ya kioo inafunika nusu ya mistari. Dawa yake ni kibodi ya Bluetooth, au kibodi ya kawaida ya waya kupitia kiunganishi cha OTG. Asiye na hizo, asijitese na NetHack ya terminali kwenye simu. Achukue Shattered Pixel Dungeon, ambayo imetengenezwa kwa kidole na ikishapakuliwa haidai bando hata kidogo.

Kuta zikigeuka kuwa herufi kama `lqqqk` na `x`, chanzo ni mpangilio uitwao DECgraphics ambao terminali yako haiuelewi. Fungua faili la mipangilio ya NetHack, `~/.nethackrc`, tafuta mstari wenye neno hilo, weka alama ya # mbele yake, uanze tena. Ikiwa hata nje ya gemu maandishi yamechafuka, andika `reset` na ubonyeze Enter, hata kama huoni unachoandika.

Gemu ikiganda kabisa na hakuna kibonye kinachojibu, usifunge dirisha. Mara nyingi kidole kimegusa Ctrl-S, ambayo kwenye terminali nyingi husimamisha maandishi yasitoke. Bonyeza Ctrl-Q yataachiliwa. Tahadhari: vibonye ulivyopiga wakati wa kuganda vilikuwa vinahesabiwa, na vyote vitatekelezwa kwa mkupuo. Kwa hiyo ukihisi imeganda, acha kubonyeza kwanza. Kulizuia lisitokee tena, andika `stty -ixon` kabla ya kuanzisha gemu. Na ukijikuta ghafla umerudi kwenye mstari wa amri, umegusa Ctrl-Z: andika `fg`, safari yako ipo palepale ulipoiacha.

Dalili inayowapata sana watu wa pwani ni mhusika kupiga hatua mbili pale ulipobonyeza mara moja. Hewa ya Lamu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na laptopu inayokaa barazani au karibu na dirisha la upande wa bahari huanza kuharibika kwenye kibodi kabla ya kwingine kokote. Kwenye gemu ya kukimbizana hilo ni kero tu, lakini hapa hatua moja ya ziada inakuingiza kwenye mtego au mdomoni mwa zimwi. Jaribu hivi: fungua faili tupu la maandishi, piga kila kimoja cha vibonye vya kutembea, `h j k l y u b n`, mara 20, kisha uhesabu. Ukipata 21 au 19, kibonye hicho ni kibovu. Kisafishe kwa spiriti na pamba laptopu ikiwa imezimwa, na wakati ukisubiri kipone weka `OPTIONS=number_pad:1` ili utembee kwa namba. Kama vibonye ni vizima lakini hatua bado zinajirudia, kinachojirudia ni kibodi kwa sababu kidole kinakawia juu yake. Kwenye Linux yenye X, `xset r off` inazima tabia hiyo na `xset r on` inairudisha.

Wanaocheza kwenye seva za mbali kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao) hupata dalili hiyohiyo kwa sababu nyingine. Mtandao ukichelewa unabonyeza mara tatu ukidhani haijasikia, kisha zote tatu zinafika pamoja. Bonyeza mara moja, subiri alama ya @, yaani mhusika wako, isogee, ndipo ubonyeze tena. Ukipewa nafasi ya kuchagua seva, chukua iliyo Ulaya badala ya Marekani.

Stima ikikatika katikati ya NetHack, usikubali kufuta chochote. Ukiwasha tena itakuambia kuna mchezo unaoendelea kwa jina lako na kuuliza kama iuharibu. Jibu `n`. Ndani ya folda ya gemu kuna mafaili yenye namba yako ya mtumiaji, jina lako na nukta, kwa mfano `1000asha.0`, `1000asha.1` na kuendelea. Gemu huja na programu ndogo iitwayo `recover`. Iendeshe kwa `recover -d` ikifuatwa na njia ya folda hiyo, kisha `1000asha`. Itayaunganisha kuwa faili la kawaida la kuhifadhi, na kwa kawaida utakuwa umerudi kwenye tabaka uliloingia mwisho. Kwenye simu chanzo huwa Android kuiua Termux (programu ya terminali ya simu) ikiwa nyuma ya programu nyingine: andika `termux-wake-lock` kabla ya kucheza, na uiondoe Termux kwenye orodha ya programu zinazobanwa kuokoa betri.

"Nilikuwa na uhai mwingi, nikafa ghafla"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Kabla ya kulaumu bahati, hakikisha kwamba kweli ulikuwa na uhai mwingi. Wengi huwa wameshaumia zamu tatu nyuma bila kuona. Kwenye NetHack, neno `--More--` likitokea na ukabonyeza Esc, ujumbe wote uliobaki wa zamu hiyo unarukwa. Kwenye Angband kuna chaguo la `auto_more` linaloruka ujumbe wenyewe bila kukuuliza. Ni tamu kwa mwenye haraka, na limezika wahusika wengi. Lizime kwenye menyu ya `=`, na humohumo upandishe kiwango cha onyo la uhai. Kwenye NetHack ya 3.6.1 kuendelea weka mistari hii miwili:

`OPTIONS=statushilites:10`
`OPTIONS=hilite_status:hitpoints/<30%/red`

HP ikishuka chini ya asilimia 30 itageuka nyekundu. Ujumbe uliokupita unasomeka tena kwa Ctrl-P kwenye NetHack, Angband na Crawl. Brogue hutumia `M`.

Ikiwa ujumbe uliusoma na bado ulikufa ghafla, chanzo huwa kimoja kati ya vitatu: kupooza, kasi, au namba ambayo hukuihesabu.

Kupooza ndiko kunakoua kimya. Kwenye NetHack kuna jicho lielealo, herufi `e` ya bluu, lisilokushambulia hata siku moja. Ukilipiga kwa upanga huku unaona, linakugandisha kwa zamu nyingi, hadi 127, na kila zimwi wa tabaka hilo anakuja kukumaliza. Dawa yake ni kulipita, au kulirushia majambia ukiwa mbali. Tatizo ni rangi. Kwenye kioo kinachopigwa na jua la uwanja wa Mkunguni, Lamu, saa nane mchana, bluu na kijivu haviachani, na `e` ya kijivu ni kiumbe kingine kabisa, kinacholipuka ukikiua na kukutoa mpaka HP 24. Usiamini macho. Bonyeza `;`, peleka kishale juu ya herufi, thibitisha kwa nukta, gemu itakutajia jina. Ni bure, haitumii zamu. Angband nayo ina jicho lielealo, lakini sheria yake ni kinyume: hilo linakupooza kwa kukutazama, ilimradi umesimama kando yake. Aliyetoka NetHack na kujua kwamba "jicho halina neno usipolipiga" hufa hapo. Ndani ya Angband ukikaribia tabaka la 20 hadi 30 bila kifaa chenye Free Action, yaani kinga ya kupooza, rudi juu. Usiseme utakipata hukohuko chini.

Kasi inawachanganya wanaodhani zamu ni zamu: mimi nipige, naye apige. Kwenye NetHack binadamu wa kawaida ana kasi 12, na siafu askari, `a` ya bluu, ana 18. Maana yake kwa kila zamu zako mbili ana tatu, na kila zamu anauma na kudunga. Kumkimbia hakuna maana, atakufikia. Geuka, ingia kichochoroni, upigane naye mmoja mmoja. Kwenye Angband kasi ya +10 ni maradufu kamili ya kawaida, kwa hiyo zimwi wa +10 akipuliza moto anaweza kupuliza mara mbili kabla hujanywa dawa yako. Ukikutana na jina usilolijua, soma maelezo yake kwanza.

Kuhusu namba, mcheza bao wa Lamu huhesabu kete za shimo kabla ya kuzinyanyua, na anajua zitaishia wapi. Hapa nako hesabu. Brogue inakuanzisha na HP 40. Jitu liitwalo ogre lina HP 55 na pigo lake moja ni 9 hadi 13. Mapigo manne mara nyingi yanakumaliza. Basi ukishapokea mawili, swali la "nipige tena?" limeshajibiwa: hapana, isipokuwa kama lenyewe limebakiza pigo moja life. Crawl inarahisisha zaidi. Bonyeza `x`, elekeza kwa zimwi, kisha `v`, na matoleo ya karibuni yanakuonyesha uwezekano wa kukupiga na pigo kubwa kabisa analoweza kutoa. Kama pigo hilo kubwa ni nusu ya uhai wako au zaidi, ondoka sasa. Usingoje kuumia kwanza.

Umezungukwa

Uwanjani mtu ana pande nane. Mapanya manane kila mmoja akitoa HP 2 ni HP 16 kwa zamu moja. Kichochoroni, kama vile vya Mji wa Kale wa Lamu ambako punda akija na mzigo wewe unajibana ukutani, anakufikia mmoja tu. Hilo kila mchezaji hulisikia siku ya kwanza. Linalosahaulika ni kwamba mlango si sawa na kichochoro katika kila gemu.

Kwenye Rogue, Brogue, na NetHack ikiwa mlango una ubao usiovunjika, ukisimama mlangoni penyewe unashambuliwa na mmoja kutoka chumbani, kwa sababu hakuna kupita mshazari mlangoni, au kona za kuta zinazuia. Kwenye Crawl na Angband mshazari unaruhusiwa, kwa hiyo aliyesimama mlangoni anapigwa na watatu. Huko rudi hatua moja au mbili ndani ya kichochoro, mlango ubaki mbele yako. Tofauti hii ya hatua moja ndiyo inayowaua waliohama kutoka gemu moja kwenda nyingine huku wakidhani mbinu yao ni ileile.

Kichochoro kina udhaifu mmoja: warushaji. Mishale, na radi za fimbo, hupita kwenye mstari ulionyooka, nawe umesimama kwenye mstari huo. Wakiwapo, usisimame kwenye kichochoro kirefu. Jifiche nyuma ya kona ili wakufuate mpaka karibu. Mchawi wa Brogue aitwaye goblin conjurer ana HP 10 tu, lakini anaita panga tatu za hewani kila anapokuona. Ukikata kona asikuone, panga zinakwisha zenyewe, naye anakuja kukutafuta mpaka mikononi mwako. Muue yeye kwanza.

Ngazi hazikuokoa

Ngazi ni njia ya kutorokea, lakini kila gemu ina sheria yake. Kwenye NetHack na Crawl, zimwi aliye kando yako unapopanda anapanda nawe. Brogue nayo humleta anayekufukuza. Kwa hiyo pengo la hatua moja kati yako naye lina thamani kubwa. Ukilikosa umehamisha ugomvi tu. Hata hivyo, wakiwa watano na mmoja tu ndiye aliye kando yako, atakufuata huyo peke yake, na huko juu mtakuwa wawili. Hiyo ni faida, itumie.

Kwenye Angband tabaka uliloliacha linafutika na hakuna anayekufuata, kwa hiyo kusimama juu ya ngazi ndiyo ngome bora. Ila hati ya Word of Recall, inayokurudisha mjini, haifanyi kazi papo hapo: inachukua zamu 15 hadi 35. Ukiisoma ukiwa na HP 12 umechelewa. Isome ukiwa bado mzima, kisha ushikilie kwa Phase Door, hati ya kukurusha hatua chache, mpaka ikuchukue. Kwenye Rogue usitegemee kabisa ngazi za kupanda: huwezi kupanda mpaka uwe na Hirizi ya Yendor, ambayo iko tabaka la 26.

Njaa

Wanaokufa kwa njaa hugawanyika makundi mawili, na dawa zao ni tofauti.

Kundi la kwanza linapumzika kupita kiasi. Rogue inakuanzisha na chakula cha zamu 1300, na kila `s` ya kutafuta au kupumzika inakula humo. Kwenye NetHack, mhusika wa kiwango cha 1 hupata HP 1 kwa kila zamu 15, kwa hiyo kurudisha HP 10 ni zamu 150 za njaa. Brogue ni nafuu: uhai wote unarudi kwa takriban zamu 300, na chakula kimoja kinatosha zamu 1800, yaani mapumziko kamili yanagharimu sehemu moja ya sita ya mlo. Brogue pia inahesabu matabaka uliyoshuka na kukuwekea chakula kulingana nayo. Anayekwama kwa njaa humo ni yule aliyekaa tabaka moja muda mrefu. Ashuke.

Kundi la pili, hasa la NetHack, lina chakula lakini halijui kula. Unaanza na 900. Chini ya 150 kioo kinasema Hungry, chini ya 50 kinasema Weak. Hungry si dharura. Maiti ya zimwi uliyemwua mwenyewe inalika salama ndani ya zamu 30, isipokuwa baadhi, kama yenye sumu, ya cockatrice inayokugeuza jiwe, na ya mbwa au paka, ambayo kwa wahusika wengi inawachokoza mazimwi dhidi yako. Maiti ya zombi au mumia hata ikiwa ya sasa hivi ni kuukuu, usiiguse. Ya lichen haiozi kamwe. Ibebe kama akiba. Ukifika Weak huna kitu, omba kwa `#pray`. Kuomba kunakubaliwa pia HP ikiwa 5 kushuka chini, au chini ya sehemu moja ya saba ya kiwango chako cha juu. Usiombe kabla ya zamu ya 300, na kati ya ombi na ombi ziache zamu 1000. Weka `OPTIONS=time` ili uone zamu, na uandike kwenye karatasi ulipoomba. Ombi likikataliwa ilhali hesabu ni sahihi, rudi nyuma ujiulize kama uliua kiumbe mwenye amani, kwa maana hilo linashusha bahati yako, na bahati ikiwa chini ya sifuri maombi hayapokelewi.

Angband njaa si tatizo kwa anayepita dukani. Crawl imeondoa njaa kabisa tangu toleo la 0.26 la mwaka 2021. Ukisoma mwongozo wa Crawl unaozungumzia kula maiti, ujue ni wa kale, na uwe na shaka na mengine yaliyomo.

Hilo la matoleo linaua kweli. NetHack 3.4.3 ilitoka 2003 na ikakaa miaka 12 kabla ya 3.6.0, hivyo ushauri mwingi unaozunguka ni wa enzi ile. Mfano mkubwa ni kuandika Elbereth chini ya miguu ili mazimwi waogope. Kwenye 3.6, ukishambulia ukiwa umesimama juu yake inafutika, na kila inapomtisha zimwi kuna nafasi moja kati ya saba ifutike yenyewe. Binadamu, alama `@`, na minotaur hawaijali katika toleo lolote. Bonyeza `v` kwenye NetHack ujue una toleo gani kabla ya kufuata ushauri wa mtu.

Hakuna ngazi za kushuka

Kwenye Rogue, tumia umbo la ramani. Kioo kimegawanywa sehemu tisa, tatu kwa tatu, na kila sehemu ina nafasi ya chumba kimoja. Chora mraba wa tisa kwenye karatasi, weka alama kwenye vyumba ulivyoviona, na palipo wazi ndipo pa kutafuta. Simama kwenye ncha ya kichochoro kilichoishia hewani, au kwenye ukuta unaotazama sehemu iliyo wazi, na utafute kwa `s` mara kumi au zaidi.

NetHack haina mraba huo, lakini kanuni ya pengo kubwa tupu inafanya kazi. Andika `20s` kutafuta mara 20. Ukiwa na `number_pad` ni `n20s`. Simama mahali unapogusa kuta nyingi, kwa kuwa utafutaji unafika pande zote nane zilizokuzunguka. Chumba cha mbili kwa mbili kisicho na mlango ni hazina, ngazi hazimo, usipoteze chakula hapo.

Crawl ya sasa haina milango ya siri. Bonyeza `o` mpaka iseme imemaliza, kisha `G` na `>`. Brogue, bonyeza `s` mara tano mfululizo. Ya tano ndiyo yenye nguvu.

Umekufa na mkoba uliojaa dawa

Chanzo ni kuogopa kutumia usichokijua, halafu kukijaribu mara ya kwanza ukiwa na HP 3. Mpangilio ugeuze. Soma hati na unywe dawa ukiwa mzima, tabaka za juu, hakuna adui anayeonekana, ngazi zikiwa karibu. Dawa mbaya tabaka la 2 unaisimulia. Ileile tabaka la 8 imekuzika. Kwenye NetHack duka linakusaidia: hati yenye bei ya asili 20 ni ya kutambulisha vitu, nayo ndiyo nyingi kuliko zote. Muuzaji akitaja 20 au 26, inunue. Kwenye Angband anza safari na chupa 15 hadi 25 za mafuta ya kurusha: kila moja ni 2d6 ya moto (jumla ya dadu mbili za pande sita), na mwanzoni hakuna silaha ya bei hiyo inayoishinda.

Mkoba unaopungua bila sababu ndani ya Brogue ni maji ya kina. Kila zamu unayoogelea, kitu usichokivaa kinaweza kukutoka na kuelea. Zunguka.

Unalinganisha gemu mbili na matokeo hayaingii akilini

Alama za NetHack na za Crawl hazipimani hata kidogo. Kila moja inahesabu kwa kanuni zake. Hata kina hakilingani: tabaka la 10 la Brogue, yenye Hirizi tabaka la 26, ni zaidi ya theluthi ya njia, na tabaka la 10 la Angband, ambako adui wa mwisho, Morgoth, anakungoja la 100, ni mwanzo tu. Linganisha kilichokuua na kitu ambacho ungeweza kutumia lakini hukukitumia. Andika hayo mawili kwa kila kifo. Baada ya vifo kumi utaona jina moja linajirudia, na jina hilo ndilo tatizo la kutatua.

Kwa watu wawili wanaotaka kushindana, mmoja Malindi na mwingine Lamu, Brogue na Crawl zinaruhusu namba ya mbegu. Mkitumia namba moja na toleo lilelile, mapango ni yaleyale, chumba kwa chumba. Matoleo yakitofautiana hata kidogo mapango yanaweza kubadilika, kwa hiyo anzeni kwa kutajiana toleo. NetHack ya 3.6 haina chaguo hilo kwa mchezaji.

Crawl huandika ripoti ya kila kifo ndani ya folda iitwayo `morgue`. Angband, bonyeza `C` kisha `f` kabla ya kuingia hatarini ili uhifadhi hali ya mhusika. Brogue inashinda zote hapa: inarekodi safari nzima, nawe unaweza kuitazama tena tangu mwanzo kutoka menyu kuu. Irushe mpaka karibu na mwisho, kisha iendeshe taratibu, na uisimamishe kwenye zamu ya kwanza ambayo HP ilishuka chini ya nusu. Hapo fungua mkoba kwa `i` na usome kilichokuwamo.